Maji Yetu Uani kwa Hajjati: Somo la Zege Linalopitisha Maji



Ndugu msomaji, kwa toleo hili niliahidi somo la haki za jirani katika fiqhi. Ahadi naitimiza, ila somo lenyewe lilinitoa maktaba likanipeleka kwenye kokoto, mifuko ya saruji na ndoo za maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya utakayosoma hapa ni habari za zege. Mimi si mhandisi. Nasoma masomo ya Kiislamu, mwaka wa tatu. Haya nimeyapata kwa mwenzangu wa chumbani anayesoma uhandisi wa ujenzi, kwa vitabu alivyoniazima, na mengine kwa kukosea.

Msikiti wetu wa wanafunzi uko kwenye mteremko, kama ilivyo nusu ya Kampala. Chini yake, hatua chache tu, ipo nyumba ya Hajjati mmoja mjane anayeishi na wajukuu wake. Zamani uwanja wa mbele ya msikiti ulikuwa udongo na nyasi. Msimu wa mvua tulikuwa tukitawadha vizuri, kisha tunakanyaga matope hatua kumi na kuyaingiza hadi kwenye mikeka. Jumuiya ikachangishana, tukamwaga zege la kawaida uwanja mzima, laini kama meza. Tulipiga picha. Mikeka ikabaki safi na kila mtu akafurahi.

Mvua kubwa ya kwanza ya Machi ilipopiga, maji yote ya uwanja yalishuka kwa Hajjati. Yaliingia jikoni, yakazima moto, yakalowesha gunia la mkaa alilokuwa amelinunua wiki ile. Hakuja kugombana. Alikuja baada ya Alasiri na ufagio wake mkononi, akasimama mlangoni akatuuliza: "Wanangu, haya maji ya msikiti mimi niyaweke wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Jioni ile mwenzangu alichukua karatasi akanifundisha hesabu ya kwanza ya somo hili, na ni nyepesi mno: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wetu una mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Ikinyesha mvua ya milimita 40 kwa saa moja, jambo ambalo kwa Kampala si la ajabu, uwanja unapokea lita 1,920. Hizo ni jerikeni 96 za lita ishirini. Ulipokuwa udongo na nyasi, sehemu ya maji yale ilizama ardhini na iliyobaki ilishuka polepole. Sasa tulikuwa tunamtumia Hajjati jerikeni 96 kwa saa moja, bila kumuuliza kama ana pa kuziweka.

Kwenye kikao cha jumuiya mjadala ulikuwa mkali. Ndugu mmoja alisema uwanja ni mali ya msikiti na mwenye mali ana uhuru na mali yake. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi mtu hutumia mali yake kwa desturi ya watu. Lakini fukaha wale wale wanasema akivuka desturi, hudhamini kilichoharibika. Mwingine alileta kisa cha Zubayr na jirani yake wa Kiansari, waliogombea maji ya kumwagilia mitende huko Madina, Mtume (s.a.w.) akampa Zubayr aliye juu zamu ya kwanza kisha ayaachie yashuke. Hoja yake ilikuwa kwamba maji kushuka ni haki ya maji. Nikamjibu kwamba pale aliye chini alikuwa anayataka maji, na hapa aliye chini anayakimbia. Waliokaa nyuma walicheka, na hoja hiyo haikurudi tena.

Iliyonituliza zaidi ni kanuni iliyo miongoni mwa kanuni kubwa tano za fiqhi, kwamba madhara huondolewa. Majalla, sheria ya kiraia ya Dola ya Uthmaniya iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, inaongeza kwamba madhara hayapati haki ya kubaki kwa sababu tu ni ya zamani. Ya kwetu hayakuwa hata ya zamani. Tuliyaleta sisi, kwa nia njema, kwa ajili ya twahara. Na swali hapo likawa gumu: tumrudishie Hajjati amani yake kwa kuyarudia matope? Au kuna njia ya kuwa na uwanja mkavu na jirani mkavu pia?

Hapo nilikumbuka riwaya tuliyoisoma darasani. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba usiku mmoja mvua ilinyesha, ardhi ya msikiti wa Madina ikalowa, na mtu mmoja akaleta changarawe katika nguo yake akazitandaza chini yake. Mtume (s.a.w.) alipomaliza swala akalisifu jambo lile. Wapo waliodhoofisha isnadi yake, kwa hiyo siijengei hukumu. Lakini kwamba msikiti ule ulitandazwa changarawe, na kwamba Umar (r.a.) alizileta kutoka bonde la Aqiq, ni habari mashuhuri katika vitabu. Nikamwambia mwenzangu: wale hawakuyafukuza maji, waliyapitisha katikati ya mawe. Akatabasamu. "Basi unataka zege lisilo na mchanga," akasema.

Zege la kawaida lina saruji, maji, mchanga na kokoto. Kazi kubwa ya mchanga ni kujaza nafasi kati ya kokoto. Uondoe mchanga, au ubakize kidogo sana, uweke uji wa saruji wa kutosha tu kuivika kila kokoto na kuishikiza kwa jirani yake, na nafasi zile zitabaki wazi. Anayejua kashata za karanga amelielewa zege hili: karanga ndizo kokoto, shira ndiyo saruji, na ukiishika kashata juu ya taa unaona mwanga umepenya.

Si jambo jipya. Waingereza walijengea nyumba kwa zege la namna hii tangu karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walilirudia sana, matofali na mafundi wa kuyajenga walipokuwa haba. Kulitumia kwa ajili ya maji ya mvua, katika njia za miguu na maegesho ya magari, kulishika kasi Florida, Marekani, kuanzia miaka ya 1970. Kwa vipimo vya kawaida, nafasi wazi ndani yake ni asilimia 15 hadi 35 ya ujazo wote, na vitundu vyake vina upana wa milimita 2 hadi 8. Nguvu yake ya kubeba mzigo ni ndogo kuliko ya zege la kawaida, kati ya megapaskali 2.8 na 28, kwa hiyo si mahali pa kupitisha malori. Kwa watu wanaokwenda kuswali inatosha.

Nilipoisikia asilimia ile, nilidhani nimeshaelewa. Kwenye kikao kilichofuata nilisimama kwa kujiamini nikasema tuongeze vitundu tu, vikiwa vingi maji yatapita. Mwenzangu hakunikatiza mbele ya watu. Alinivuta pembeni baadaye akaniambia maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike makala haya: wingi wa vitundu haupitishi maji. Kinachopitisha maji ni vitundu kuungana.

Ndani ya zege hili kuna vitundu vya aina tatu. Kuna vinavyoungana kutoka juu hadi chini, na hivyo ndivyo njia. Kuna vilivyounganika upande mmoja tu, kama kichochoro kisichotokea upande wa pili. Maji huingia yakajaa yakasimama. Na kuna vilivyofungwa pande zote, ambavyo maji hayavijui kabisa. Vyote vitatu vinahesabika katika asilimia ya nafasi wazi, lakini ni aina moja tu inayomsaidia Hajjati. Ndiyo maana chini ya takriban asilimia 15 zege hili hukaribia kuacha kazi: vitundu bado vipo, ila vimekuwa vichache na viko mbali mbali hata havipatani mikono.

Halafu kuna suala la milango. Njia ya maji ndani ya zege si bomba lililonyooka. Ni vyumba vinavyofuatana vikiwa na milango myembamba kati yao, na njia yenyewe inapinda huku na huku kuzunguka kokoto. Mwendo wa maji unaamuliwa na mlango mwembamba kuliko yote, si na chumba kikubwa kuliko vyote. Chukua mfano wa bomba jembamba lililo laini, maji yakipita taratibu. Ukilipunguza kipenyo kwa nusu, kutoka milimita 4 hadi 2, halipitishi nusu ya maji, wala robo, bali sehemu moja kati ya 16. Sasa weka mabomba manne ya milimita 2 mahali pa lile moja la milimita 4. Eneo la wazi ni lile lile, lakini yote manne kwa pamoja yanapitisha robo tu ya maji ya lile moja. Basi mapande mawili ya zege yanaweza kuwa na asilimia 20 ya nafasi wazi kila moja, na moja likanywa maji kama mchanga wa ufukweni huku lingine likiyaacha yatuame.

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga kwa ajili ya huduma ya maji ya mji wa Dijon. Aliona kwamba kiasi cha maji yanayopita hukua kadiri eneo na tofauti ya kimo cha maji zinavyokua, na hupungua kadiri unene wa mchanga unavyoongezeka. Kinachobaki katika hesabu hiyo ni namba moja inayobeba tabia ya kitu chenyewe, yaani upitishaji wake. Kwa zege letu, namba hiyo ndimo vilimofichwa vitundu, milango na mapindo yote.

Watafiti wametafuta namna ya kuuona muungano huo bila kulipasua zege. Wengine hulipiga picha za eksirei tabaka kwa tabaka na kuzipanga kwenye kompyuta. Njia iliyonivutia zaidi ni ya Narayanan Neithalath, Jason Weiss na Jan Olek, waliochapisha mwaka 2006 utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Walijaza maji ya chumvi katika vipande vya zege kisha wakapitisha umeme. Zege kavu halipitishi umeme kirahisi, maji ya chumvi yanapitisha, kwa hiyo umeme hufuata njia zile zile za maji. Vitundu vikiungana vizuri umeme hupita bila shida; vikiwa vichochoro vilivyofungwa hukwama, hata kama ni vingi. Wakapata kwamba asilimia ya nafasi wazi peke yake haitoshi kukisia mwendo wa maji, mpaka uitie na kipimo cha muungano.

Sisi hatukuwa na eksirei wala vifaa vya umeme. Tulikuwa na fundi.

Fundi wetu ni mtu wa msikiti, mkarimu, na ana uzoefu wa miaka mingi kuliko umri wangu. Tulimpa vipimo: mfuko wa saruji wa kilo 50, kokoto za nusu inchi kilo 200, na maji lita 15. Kokoto zilitoka kwa akina mama wanaogonga mawe kwa nyundo upande wa Kireka. Mwenzangu alishikilia zioshwe kwanza, kwa sababu vumbi la kugonga likibaki juu ya jiwe saruji hulishika vumbi na si jiwe. Tuliziosha Jumamosi nzima. (Nilidhani masomo ya Kiislamu yameniokoa na kazi za namna hii.) Maji ndiyo yanayohitaji uangalifu kuliko yote. Chota zege kwa mkono na ulifinye kama tonge. Likitawanyika, maji ni machache. Uji wa saruji ukichuruzika kati ya vidole, maji yamezidi, na ukilimwaga hivyo shira itashuka yote chini na kuziba kitako. Tonge likikaa na kung'aa kidogo, hapo sawa.

Letu lilikaa. Tukalimwaga katika fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita kama jaribio, na tukatia kidogo katika vipande vya bomba la plastiki la inchi 4 ili tupate vya kupima. Kisha tukaenda kuswali Adhuhuri.

Tuliporudi, fremu ilikuwa imependeza sana. Fundi aliona sehemu ya juu ina mashimo, akatuhurumia. Alikoroga uji mwepesi wa saruji, akaupitisha juu, akaulainisha kwa mwiko mpaka ukang'aa. "Nimewamalizia," akasema.

Hakuna aliyethubutu kumlaumu. Tulilifunika kwa nailoni siku saba, maana zege hili lina nafasi nyingi za hewa na hukauka upesi kabla halijapata nguvu, kisha tukamwagia maji. Yakasimama juu kama kwenye sahani. Tukaling'oa, tukaligeuza kitako juu, tukamwagia tena. Safari hii yalizama papo hapo, na baada ya muda mfupi yakatokea ubavuni, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umefungwa. Nilikaa nalo muda mrefu lile pande. Lilikuwa na vitundu tele. Ukilipima ungesema ni zege zuri. Na kwa Hajjati lisingekuwa na faida hata ya jerikeni moja.

Baadaye nikasoma kwamba hili si kosa la fundi wetu peke yake. Liv Haselbach na Robert Freeman, katika utafiti waliouchapisha Marekani mwaka 2006, walionyesha kwamba zege hili linaposhindiliwa kutoka juu, nafasi wazi huwa chache juu na huongezeka kadiri unavyoshuka. Yaani hata bila uji wa kulainisha, mlango mwembamba mara nyingi uko pale pale tunapokanyaga. Ndiyo sababu hushindiliwa mara moja kwa rola, halafu huachwa. Mwiko haugusi.

Vile vipande vya bomba tulivipima, na ukitaka kurudia jaribio hili vifaa vyake vinapatikana sokoni. Unahitaji mizani ya kuning'iniza kama ya wauza mkaa, ila yenye kusoma gramu, na pipa la maji. Pima kipande kikavu. Kisha kizamishe, kigeuze, kigongegonge ili hewa iliyonaswa itoke, na ukipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji. Tuchukue mfano wa kipande chenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 20. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,571. Tuseme kikavu kina gramu 2,950 na ndani ya maji gramu 1,780. Tofauti ni 1,170, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, basi kitu kigumu kimechukua 1,170. Zinazobaki, 401, ni nafasi wazi, sawa na asilimia 25 na nusu. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki kinahesabu pia vile vichochoro vya upande mmoja, ilimradi maji yameingia. Kinakuambia nafasi ni kiasi gani. Kama kuna njia, hakisemi.

Njia hujulikana kwa kumwaga. Zege likiisha kulazwa mahali pake, weka juu yake mviringo wa kipenyo cha sentimita 30 (sisi tulikata kitako cha ndoo ya rangi), uzibe pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, uloweshe kwanza, kisha mimina kilo 18 za maji ukihakikisha kina chake ndani ya mviringo kinabaki kati ya milimita 10 na 15. Hesabu sekunde. Zikiisha kwa dakika moja, hiyo ni sawa na zaidi ya milimita 15,000 kwa saa.

Linganisha namba hiyo na mvua ya milimita 40. Zege linaweza kunywa mamia ya mvua kama hiyo kwa pamoja. Hapo nilitaka kushangilia, mwenzangu akanishika bega akauliza: "Yakishapita, yanakwenda wapi?" Lilikuwa ni swali la Hajjati, limerudi kwa mdomo mwingine.

Udongo wetu ni mwekundu wenye mfinyanzi, na udongo wa namna hiyo unaweza kunyonya milimita chache tu kwa saa. Zege ni mlango mpana unaofunguka kwenye chumba kidogo. Kwa hiyo chini yake lazima pawe na ghala, yaani tabaka la kokoto kubwa za ukubwa mmoja, ambazo takriban asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi tupu. Maji hukaa humo yakisubiri ardhi iyanywe kwa raha yake.

Hatukuwa na pesa ya kuvunja uwanja mzima, na ikaonekana hakuna haja. Tulivunja ukanda wa chini tu, upana wa mita 2 kwa urefu wa mita 8, mahali ambapo maji yote hufika kabla ya kwenda kwa Hajjati. Tukachimba, tukatia kokoto kubwa kina cha sentimita 40, juu yake zege la vitundu sentimita 12. Hesabu yake ni hii: mita za mraba 16, kina 0.4, asilimia 40, unapata lita 2,560 za ghala. Zege lenyewe kwa asilimia 20 linaongeza lita 384. Jumla ni lita 2,944, na mvua yetu ya saa moja inaleta 1,920. Zinaingia, na nafasi inabaki. Kwa kuwa chini pana mteremko, mwenzangu aliweka vizuizi vya matofali katikati ya kokoto, la sivyo maji yote yangekimbilia kona moja na kuacha ghala lililobaki tupu. Na hatukusogea karibu na ukuta wa Hajjati. Maji yanayozama ni maji bado, na msingi wa nyumba ya mtu haupaswi kuwa ghala letu.

Sitaki kukuficha udhaifu wa mpango huu. Tukikadiria kwamba udongo unanyonya milimita 5 kwa saa, ukanda mzima unamaliza lita 80 tu kwa saa, na lita 1,920 zinahitaji siku nzima. Ikinyesha mvua mbili kubwa jioni moja, ya pili haitaenea yote. Maji ya paa tumeyatenga kwa mfereji hadi kwenye tangi la kutawadhia, na hilo limesaidia. Lakini ghala ni ghala, lina mwisho.

Udhaifu wa pili ni sisi wenyewe. Vitundu huzibwa na udongo wa viatu, majani na vumbi, na uchafu hukaa karibu na uso, kwenye ile ile milango myembamba. Ukanda wetu uko hatarini zaidi kwa sababu unapokea maji ya uwanja mzima pamoja na kila yanachokibeba. Kwa hiyo hufagiwa kila wiki kabla uchafu haujashuka ndani, na kila mwanzo wa msimu wa mvua husafishwa kwa maji ya kasi. Haimwagwi rundo la mchanga juu yake, hata kwa siku moja, hata kama ujenzi ni wa msikiti. Na tunarudia jaribio la ndoo mahali pale pale kila muhula tukiandika sekunde, ili tujue limeanza kuziba kabla Hajjati hajatuambia.

Fundi alirudi kulaza ukanda ule. Safari hii tulimweleza kila kitu, tukampa lile pande la kwanza alimwagie maji mwenyewe. Aliyatazama yakisimama, akalamba meno, akasema mngeniambia mapema. Alikuwa na haki. Tulipomaliza aliufungia mwiko ndani ya mfuko akampa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aushike mpaka kazi iishe.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuja baada ya Isha. Nilisimama na mwavuli pembeni ya ukanda. Maji yalikuja yakitiririka juu ya zege la zamani, yakifika kwenye vitundu yanazama kwa sauti kama ya sufuria inayochemka polepole. Mlango wa jiko la Hajjati ulikuwa wazi na taa inawaka. Alitoka, akamulika ardhi ya ua wake kwa simu, kisha akatumulikia sisi.

"Leo mmeyaweka wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha chini ya miguu yangu. Akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini sana, akarudi ndani kutazama ugali wake.

Zamu ya ufagio muhula huu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, ukuta wa sehemu ya kutawadhia. Wiki hii ni mwaka wa pili.